Makosa Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Kwako mwanangu Msumari,

Hujambo? Shikamoo yako naiitikia kabla hujaituma, maana najua inavyokukwama kooni kumwamkia mtu uliyemtangulia kuzaliwa kwa miezi minne. Utafanyaje? Mimi ni mdogo wa mama yako, na hilo halina rufaa. Huku mzima, ila mgongo. Viti vya ofisi hii vilitengenezwa na mtu anayechukia watu.

Nakuandikia kwa kompyuta kwa sababu simu zetu zinafungiwa kwenye kabati la mlangoni hadi jioni. Ile programu ya foleni imegoma. Nimeongeza vipande vitatu vya kupanga wagonjwa wa kliniki, nikabonyeza iundwe, ikanitapikia makosa arobaini na moja, mekundu yote. Tarehe thelathini na moja naionyesha mbele ya wakuu wa kliniki, na siku hiyo ndiyo miezi yangu mitatu ya majaribio inakwisha. Isipowaka, narudi kwa mama, huyo bibi yako, kukunja nguo.

Makosa yote nimeyanakili hapa chini. Nisaidie kabla hawajajua.

Mama yako mdogo

*

Jumanne, 4 Machi

Shikamoo mama mdogo,

Haya, nimeitoa. Imepita kama kidonge kikubwa bila maji. Huku wote wazima. Bibi anakusalimu na anaidai picha ya ofisi. Dukani mashine ya kutoa nakala imetafuna cheti cha ndoa cha mteja, na mwenyewe hakuonekana kusikitika sana.

Makosa yako si arobaini na moja. Ni moja. Siku zote soma la kwanza: hilo ndilo maiti, hayo mengine arobaini ni waombolezaji. Mstari wa 212 umefungua mabano hukuyafunga. Yafunge, uone msiba unavyotawanyika.

Nimefurahi kusikia programu yangu bado inakufaa. Niliitunga mwaka juzi kwenye kaunta hii hii, ili wateja wa nakala waache kupigana viwiko. Chuo mimi nilisoma kwa kuchungulia madaftari yako, kwa hiyo makofi siyategemei. Ila ulipoondoka nayo kwenda kwenye usaili, ulisema unaibeba kama mfano tu. Nauliza: hapo ofisini wanajua ni ya nani?

Mwanao,
Msumari

*

Alhamisi, 13 Machi

Kwako mwanangu,

Habari za tangu siku zile? Samahani kwa kimya, mambo yalininyookea. Nilifunga mabano, makosa yote yakayeyuka kama hayakuwepo. Bwana Miwani, mkubwa wetu anayekaa meza ya tatu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Dada, una jicho!" Nikacheka tu. Miwani yake ina kamba kama filimbi ya refa. Sasa kila mchana ananivutia kiti, ananifundisha njia za mkato. Jana tumecheka hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Tatizo jipya: programu inaundwa salama, lakini nikiiwasha inazima papo hapo. Inadai haioni faili ya mipangilio. Mimi faili naiona, iko pale pale! Bwana Miwani amesema ataangalia kesho, ila nimeona nikuulize wewe kwanza.

Mwambie mama picha inakuja.

Mama yako mdogo

*

Ijumaa, 14 Machi

Shikamoo mama mdogo,

Bibi mzima. Mimi pia mzima, kwa wanaouliza.

Kosa lako nimelisoma. Hilo limeoza kutoka ndani. Usimsumbue Bwana Miwani, kamba yake isije ikakatika. Futa kila kitu: zana zote, mipangilio, folda ya kazi, usibakize. Kisha sakinisha upya kuanzia mwanzo. Ni kazi ya siku tatu, lakini ndiyo dawa.

Na hilo jicho alilolisifu, mwambie lina mwenyewe. Vyaelea, vimeundwa. Swali langu la tarehe nne hukulijibu. Labda nalo liliondoka na waombolezaji.

Msumari

*

Jumanne, 25 Machi

Msumari,

Natumaini hujambo.

Nilifuta kama ulivyosema. Kusakinisha upya kumenichukua siku nne. Folda ya kazi ilikuwa na kila nilichoandika tangu nianze hapa, na nakala ya akiba niliyodhani ninayo, nilipoifungua, ilikuwa ganda tupu. Bwana Miwani aliuliza, "Nani huyo aliyekushauri ufute folda ya kazi?" Nikamwambia nilijishauri mwenyewe.

Zimebaki siku sita. Sina programu ya kuonyesha. Usimwambie mama.

Mama yako mdogo

*

Jumatano, 26 Machi

Shikamoo mama mdogo. Leo naitoa nimepiga magoti.

Dawa niliijua siku ile ile. Programu ilikuwa inawashwa kutoka folda isiyo yake. Ilikuwa inatafuta faili chumbani, faili iko jikoni. Kwenye mipangilio ya kuwashia kuna kisanduku cha kuandika njia ya folda. Ungekijaza, dakika moja, kwisha. Nilikutuma safari ndefu kwa makusudi. Nilidhani unayo nakala ya akiba, lakini nisijifiche hapo: sikuuliza.

Ni wivu. Kiti chenu hicho sikukitamani, wala mshahara. Lakini ulisema mmecheka hadi mlinzi akaja. Sisi tukicheka, aliyekuwa anakuja ni bibi, na kandambili mkononi. Halafu bwana huyo anasifu jicho langu usoni kwako, na wewe unacheka tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe tulikuwa tunaazimana.

Nakutumia programu ya asili. Vile vipande vitatu vya kliniki nimevitunga upya tangu jana, kutokana na ile orodha yako ya makosa arobaini na moja. Kila kosa lilinukuu mstari lilioulalamikia, nami nikaokota mmoja mmoja. Kwangu inawaka. Kwako itawaka ukijaza kile kisanduku.

Mstari wa kwanza kabisa una jina langu, kama zamani. Kompyuta haiusomi. Ukiufuta, programu haitatetereka. Amua mwenyewe.

Mwanao, kama bado,
Msumari

*

Ijumaa, 4 Aprili

Shikamoo mama mdogo,

U mzima? Tarehe thelathini na moja imepita siku nne sasa. Nitukane basi, hata kwa mstari mmoja. Bibi anauliza kwa nini siku hizi nikitoka kazini nasafisha na jiko lake.

Msumari

*

Jumatano, 9 Aprili

Kwako Msumari,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo bado.

Nimekasirika siku kumi na nne. Nilikuwa nimepanga thelathini, ila nimekosa wa kumsimulia.

Iliwaka. Jumatatu asubuhi, kabla wakuu hawajaingia, niliufuta ule mstari wa kwanza. Ndiyo, niliufuta, na kweli haikutetereka. Kisha nikafanya ulivyonifundisha, nikatafuta kosa la kwanza. Halikuwa lako. Ni la siku ya usaili, waliponiuliza, "Umeiandika mwenyewe?" nami nikajibu ndiyo bila hata kumeza mate.

Nikaurudisha. Wakaufungua ukutani kwa projekta, herufi kubwa kama milango: *Imetungwa na Msumari, kaunta ya nakala.* Mkuu wa kliniki akauliza, "Msumari ndiye nani?"

"Mwanangu."

Akanitazama juu hadi chini. "Ana miaka mingapi?"

"Kanizidi miezi minne."

Ilibidi nieleze yote. Wameniongezea miezi mitatu mingine ya majaribio kwa ule uongo wa usaili, wakasema nishukuru. Nashukuru huku nimenuna. Bwana Miwani aliisoma kazi yako mstari kwa mstari. Siku hiyo hata kiti hakunivutia. Akasema, "Huyu tumwite." Akaniomba namba yako.

Nikampa ile ya zamani, ya simu iliyozama kwenye ndoo. Nikaenda kunawa uso, nikakaa huko robo saa nzima nikitazama bomba. Kisha nikarudi, nikampa hii unayotumia.

Watakupigia kesho saa nne. Pokea. Na ukija, ujue kiti cha karibu na meza ya tatu kina mwenyewe.

Mama yako mdogo