Kiti cha Chahinez

Ferial, pokea simu basi!

Nimeingia ukumbini mapema kama kawaida yetu, nikaweka skafu kwenye kiti cha pembeni yangu. Mwaka mzima nilikuwa namwekea Chahinez nafasi. Wallahi mkono haujajua kama tumeshamzika.

Mara nasikia mtu: "Dada, hapa pana mtu?"

Nami macho kwenye simu: "Pana mtu. Chahinez anakuja."

ANAKUJA, Ferial. Nimesema anakuja! Safu nzima ikanigeukia.

Kuinua macho, ni Manel. Mdogo wake! Kumbe amehamia chuo chetu, na kwa baridi hii ya Tiaret amevaa lile koti la kijani la marehemu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikaanza, "Manel, mdogo wangu, nisamehe, mimi..."

Hakulia. Akaitazama ile skafu, akaniambia taratibu, "Usiitoe. Nitakaa upande wa pili, yeye akae katikati."

Na akakaa kweli.

Mhadhara umeisha, watu wote wametoka. Sisi bado tupo, mimi huku, yeye kule. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumwacha.