Waridi Kutoka Darini

Baia, juu ya bandari,
Bacoli, Napoli.
Tarehe 11 Machi.

Mpendwa dada Nunziata,

Shikamoo, dada yangu. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari wa huko Adelaide anataka kulipasua na wewe humtaki. Mwache alipasue bwana, usifanye kiburi cha mama, aliyekataa la kwake lisipasuliwe na leo anapanda ngazi kwa makalio. Shemeji hajambo? Na ule mlimau mlioupanda uani, umeanza kuzaa au bado unawadanganya kwa maua?

Sisi huku ni wazima wa mwili, namshukuru Mungu. Mama anakula, anasali, anagombana na televisheni. Mume wangu Sossio anaongezeka kitambi. Binti yangu Noemi ndiye huyo, mrefu kunipita, anajifungia chumbani na simu yake. Ila mimi moyo wangu haujatulia, dada, na sitakuficha kwamba ninaogopa.

Utashangaa nimekuandikia kwa mkono wakati simu zipo. Nyumba hii haina siri. Nikikupigia, Noemi anasikia kila neno. Na wewe nakujua, ukisikia nalia utakata ghafla umpigie kaka Procolo kumtukana, halafu mambo yaharibike kabisa.

Basi nisikuzungushe. Naomba umwite Noemi kwako mwezi wa sita, aje asherehekee huko miaka yake kumi na minane. Wewe ndiye mama yake wa ubatizo, na ukimwita wewe atakuja, hata Sossio hatathubutu kukataa. Nikimzuia mimi atanuna tu, kisha atakwenda palepale ninapopaogopa. Naomba unisome hadi mwisho ndipo uniambie kama nimechanganyikiwa.

Ardhi inapanda tena kwa ule moto wa chini, na kutikisika, nadhani umesikia. Pale bandarini Pozzuoli mashua zimekalia matope, na wavuvi siku hizi wanazishukia kwa ngazi. Harufu ya kiberiti inayotoka ardhini inaingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Vikombe vinalia kabatini, tunatazamana, kisha mtu anasema, "Imepita," na tunaendelea kula. Ndivyo tulivyolelewa, si unakumbuka? Lakini zamani ilikuwa inapita kweli. Sasa inapita na kurudi.

Mimi bado niko na ile mashua yenye sakafu ya kioo, nawapeleka wageni kuangalia nyumba za matajiri wa kale zilizozama. Kazi ninaipenda, lakini mwaka huu imeanza kunitia baridi. Mgeni anainama, anaiona ile sakafu ya vijiwe vyeusi na vyeupe, samaki wanapita juu yake, anapiga picha, anacheka. Mimi namwambia hapa walikuwa wanakula. Hapa walifuga mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye mabwawa, na mama mmoja mkubwa alimpenda mkunga wake hata akamvisha hereni. Watu wote huchekea hizo hereni. Juzi nilikuwa nacheka nao, mara nikamkumbuka mbwa wa jirani yetu wa chini, aliyefanyiwa sherehe ya kuzaliwa na mkufu wa dhahabu shingoni na keki ya ini. Nikashindwa kumaliza maelezo.

Na wageni daima wanaamini bahari iliwafunika siku moja, ghafla. Siyo. Iliingia taratibu, ardhi ikishuka, kizazi baada ya kizazi. Hilo ndilo linalonitisha mimi. Nawaza kwamba walikuwa na nafasi ya kuona maji kwenye kizingiti, wakaagiza watumishi wahamishie meza chumba cha juu, wakaongeza divai.

Sasa nikuambie ya Giada. Kaka yetu unamjua, hajawahi kufanya jambo dogo tangu azaliwe. Binti yake katimiza kumi na minane mwezi uliopita, na Procolo akaamua afanyiwe karamu ya kale, kama walivyofanya wale wenyewe, kwenye ule ukumbi wa zamani kule juu mlimani. Kila mgeni akavishwa shuka jeupe na taji la majani. Sossio wangu alivyojifunga lile shuka na kitambi chake, ungedhani kafukuzwa bafuni. Tukalazwa kwenye makochi, eti tule tumeegemea kiwiko. Mama akasema kulala atalala siku ya kufa, akaletewa kiti.

Dada, vyakula! Chaza waliopangwa juu ya barafu kama shanga dukani. Tausi mzima na manyoya yake yote, kumbe ndani ni bata mzinga. Nusu ya sahani zilirudi jikoni hazijaguswa, na zilipokwisha hizo zikaja nyingine. Giada akabadilisha gauni kila chakula kilipobadilishwa, maskini, sidhani kama alimeza kitu. Pete yake ya zawadi ililetwa na droni ikielea juu ya vichwa vyetu, na mpiga picha akaomba iletwe tena kwa sababu taa haikukaa vizuri. Giada akalia machozi ya furaha mara ya pili.

Procolo akaniona sicheki, akanijia na shuka lake na bilauri mkononi.

"Luisella, wewe si ndiye unawaonyesha watu nyumba zao majini? Basi leo waone wakiwa hai!"

Nikamwambia, "Nawaonyesha, kaka, kwa sababu ziko majini."

Akacheka, akanibusu kichwani. "We mwoga wewe! Tangu utotoni. Ardhi hii ilimtikisa babu, ikamtikisa baba, na wote wamekufa kitandani kwao. Subiri keki uone dari."

Dari ndilo lilikuwa jambo lake kuu. Alikuwa amesikia kwamba wakubwa wa kale walikuwa na vyumba ambavyo dari hufunguka na maua kuwamwagikia wageni. Basi naye akaning'iniza wavu mkubwa juu yetu, umejaa petali za waridi, kutoka ukuta hadi ukuta. Kila mtu alishaambiwa: keki ikikatwa, fataki zitapigwa nje, baomu, na waridi zitamwagika. Na wote tuliombwa tuzime sauti za simu, ili zisiharibu video. Zile simu zetu, dada, ambazo hupiga kengele ardhi ikianza kucheza! Wale wa kale walau hawakuwa na kengele. Sisi tunayo, tukaizima kwa mikono yetu.

Noemi alikuwa katikati ya ukumbi akicheza na wenzake. Nikasikia mlio, baomu, mzito, kama gari la mchanga limemwagwa chini ya sakafu. Bilauri zikagongana. Wavu ukaachia na waridi zikamwagika, nyekundu, tele, kila mahali. Na watu wakashangilia, dada. Ukumbi mzima wakanyanyua simu na kupiga makofi. "Procolo, umetisha! Umetuua!"

Mimi nikageuka kuangalia mlangoni. Sijui kwa nini, nadhani nilitaka kuiona keki. Na keki ilikuwa palepale mlangoni, haijaingia, haijakatwa. Wahudumu wawili wameishika huku na huku, nyuso zimewapauka. Mmoja akaiachia upande wake, akatoka mbio. Ndipo nikaelewa kwamba hizo hazikuwa fataki.

Nikatazama juu. Kati ya petali kulikuwa na unga mweupe unashuka, kisha vipande vya lipu, na watu wanainua nyuso zao na kufungua midomo kuupokea. Walidhani ni mapambo! Nikapiga kelele, "Tokeni nje! Ni ardhi!" Muziki ukanimeza. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu nami akanifanyia ishara nisimame pembeni, nilikuwa namziba asipige video.

Nikaingia katikati nikimtafuta mwanangu. Nilimkuta ana unga kwenye nywele na kope, anacheka. Nikamkamata mkono.

"Mama, niache! Unaniaibisha, wananirekodi!"

"Tembea, Noemi!"

"Si umeona? Ni mchezo wa mjomba!"

Nikamvuta kwa nguvu zangu zote, akanipiga kwenye bega, mwanangu mwenyewe. Hatujafika mlangoni, lipu pana kama meza yangu ya jikoni ikaanguka mahali alipokuwa anacheza. Giada alikuwa amekwenda kubadilisha gauni. Hilo ndilo lililomwokoa. Mpiga gitaa alipasuka kichwa. Hapo ndipo kelele zikabadilika, na watu wakakumbuka kwamba milango ipo.

Nje tukamkuta mama. Alikuwa tayari ndani ya gari, mkoba mapajani, taji la majani bado kichwani, mkanda ameshajifunga. Alitoka bilauri zilipoanza kulia, hakumuaga mtu. Aliniambia tu, "Nilidhani mmenifuata." Tangu siku ile wanajeshi walipomtoa kwao, mtaa wa Rione Terra, ardhi ilipopanda, akiwa msichana na godoro kichwani, mama haulizi mara mbili.

Ungedhani mambo yangeishia hapo na watu wangeshika adabu. Wapi! Wiki ileile video ya Giada ikazunguka mji mzima. Petali, unga, watoto wa watu wanacheka chini ya dari linalokatika, na muziki juu yake. Ile sehemu ya mpiga gitaa waliikata. Sasa mwenye ukumbi ameziba dari, amepaka rangi, na naambiwa nafasi zimejaa mpaka Septemba. Watu wanaomba waridi. Na kuna waliouliza kama wanaweza kumwagiwa na ule unga mweupe pia, maana kwenye picha unapendeza. Sijatunga, dada. Kaniambia Procolo mwenyewe, na alikuwa anajisifu.

Nawacheka wale wa hereni za mkunga miaka yote hii, nalipwa kwa kuwacheka. Lakini nikiangalia chini ya kioo cha mashua siku hizi, siwaoni tena wao. Naona makochi ya Procolo. Naona viatu vya Noemi, vile vyeupe, na samaki anapita juu yake. Nimeshindwa kuiondoa picha hiyo kichwani. Naamka nayo.

Na Noemi anautaka ukumbi uleule. Sossio ameshamwekea nafasi, Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Nimelia, nimegomba, nimepika chakula kibaya kwa makusudi. Sossio anasema binti yake hawezi kufanyiwa pungufu ya Giada, watu watasema nini, tutaonekana tumefilisika. Nikamwambia afadhali waseme tumefilisika kuliko waje kutupa pole. Akanijibu kwamba mhandisi amelikagua dari. Mhandisi gani? Shemeji wa mwenye ukumbi.

Noemi naye ananitania. Vikombe vikigongana ananiuliza, "Mama, nikuletee kofia ya chuma?" Wenzake wote shuleni wameingia mchezo mmoja siku hizi, na ndio unaonikosesha usingizi: ardhi ikitikisika, hawakimbii tena kwenda chini ya meza kama walivyofundishwa. Wanapiga makofi. Darasa zima. Wanaiga video ya Giada, na mwalimu ameshindwa kuwazuia. Nilimkalisha nikamwambia, mwanangu, mwili lazima ujue kukimbia kabla kichwa hakijauliza. Ukiuzoesha kupiga makofi, siku ya siku utakutoa roho. Akanikumbatia akaniambia niache kuangalia televisheni na bibi.

Ndiyo maana nakuomba, dada yangu. Usimwambie ni kwa ajili ya tetemeko, atakataa. Mwambie goti lako linapasuliwa na unahitaji mtu. Mwambie huko ni baridi mwezi huo na unataka akusaidie kuchagua koti. Mwambie umemwandalia sherehe kubwa kuliko ya Giada, na nauli nitaitafuta mimi. Danganya chochote, nitakwenda kuungama kwa niaba yetu sote wawili.

Nisalimie shemeji, nisalimie Rocco na mkewe, na yule mtoto wao umbusu miguuni kwa ajili yangu. Mama anakusalimu, anasema usisahau kumwashia San Procolo mshumaa, na kwamba jina la mtakatifu alimpa mtoto asiyestahili. Sossio anakusalimu pia, hajui nina

Nisamehe mstari huo. Imetikisika sasa hivi, nikiwa nimeshika kalamu. Si kubwa, lakini ndefu. Taa ya jikoni bado inabembea. Mama ameshafika mlangoni na mkoba wake, kwa goti lilelile, na mimi nilikuwa nimesimama kabla sijajua kwamba nimesimama. Nikaita, "Noemi! Nje!" Mlango wake haukufunguka. Na huko ndani, dada, yuko peke yake, hakuna anayemrekodi, hakuna wa kumchekesha, nikamsikia anapiga makofi.

Mwite, Nunziata. Mwite upesi. Mungu akutunze wewe na wako wote, na ardhi mnayoikanyaga iendelee kulala.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukutegemea,

Luisella