Mama, Nimemkalisha Kwenye Benchi

Mama yangu, shikamoo huko ulikolala, pembeni ya mikorosho yako.

Ungekuwepo ungeitikia marahaba, halafu ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula, mama. Siku ya arobaini yako nilishiba, na si pilau iliyonishibisha. Tulia nikusimulie, maana habari hii ni yako.

Unakumbuka nilipougua surua? Macho yamevimba, mdomo hauonji kitu, na nyumba nzima ina yai moja. Siku hiyohiyo akatokea baba mkubwa kutoka Dar na viatu vyake vinavyong'aa. Bibi akakunong'oneza yai apewe mgeni, tusiaibike. Wewe ukanipa mimi, mbele yake, ukasema, "Yai la mgonjwa hili. Mgeni atakula muhogo, hatakufa." Bibi alinuna mpaka jioni. Baba mkubwa alikula muhogo, na kweli hakufa.

Basi mimi nimekua nikijua hivyo, kwamba anayeumwa zaidi ndiye anayetangulia. Sikujua kama kuna watu wamesoma mpaka wakavaa koti jeupe na hili hawalijui.

Siku ile ulipotolewa kijijini kwetu Masaki, Kisarawe, kwa bodaboda kupelekwa kituo cha afya, kaka Salumu alinipigia simu dukani kwangu Sofu, Kibaha. Akasema daktari amekuona, utumbo umejisokota, unatakiwa kupasuliwa leo leo kwenye hospitali kubwa huku Kibaha. Gari la wagonjwa lipo, linawashwa sasa hivi. Nikafunga duka, nikachukua khanga zako mbili safi, nikaenda kukungojea getini.

Gari likaja, mama, tena na king'ora. Nikalikimbilia mpaka ndala zikanivuka. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akashuka mwanamke kavaa miwani ya jua, mkoba begani, anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Nikachungulia ndani kukutafuta. Machela tupu. Dereva akaangalia pembeni. "Dada, mimi natumwa tu. Huyu ni shemeji yake mganga mfawidhi, mkuu wetu pale kituoni. Ana miadi ya goti."

Goti!

Na wewe ulikuwa umelazwa kwenye benchi la nje kule kituoni, umeambiwa usubiri zamu yako. Salumu anasema ulikuwa unamuuliza, "Gari limerudi?" Tumbo linakukata, na bado unaitikia salamu za akina mama waliokuja kliniki. Gari liliporudi ulikuwa umeshakata roho. Kwenye benchi, mama, hata kitanda hukupewa.

Watu wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Kweli haina. Ila hii ilikuwa kazi ya mtu, na mtu huyo namjua. Wanasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wewe walikunyonga, na haki yako wakaondoka nayo. Nilikwenda ofisini kwa wakubwa zake kulalamika. Nikapewa kiti, nikapewa pole, nikaambiwa suala linashughulikiwa. Nikajua hapa hakuna kitu. Nikarudi Sofu, nikamwita Nyamizi.

Nyamizi wako huyohuyo, Mnyamwezi uliyekuwa unatukanana naye kisimani mpaka wapita njia wakidhani mnagombana. Sisi Wazaramo ni watani wao tangu enzi za mababu. Mtani akikusema msibani unacheka, ukikasirika aibu ni yako. Na yule mganga mfawidhi, kwa bahati yake mbaya, naye ni Mzaramo. Nikampa Nyamizi soda, nikamweleza yote. Alilia kwanza. Kisha akajifuta kamasi akasema, "Mwache aje nyumbani kwa marehemu kula ubwabwa wa arobaini."

Akaja. Na unajua alikuja na nini? Na gari lilelile la wagonjwa! Kuja kula pilau ya arobaini yako!

Hajafika hata kwenye jamvi, Nyamizi kashatokea na miwani ya jua, mkoba begani, anachechemea uwanja mzima. "Jamani goti! Goti langu mie! Mpisheni mgonjwa!" Akapanda garini, akajilaza kwenye machela, akagoma kushuka. Watu walicheka mpaka shehe akaficha uso. Mganga naye akacheka, meno nje, jasho linamtiririka. Angefanya nini? Mtani wake huyo.

Nyamizi aliposhuka akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi nililoliweka juani makusudi. "Subiri zamu yako, mtani." Kila sinia likipita anainuka kidogo, anaambiwa, "Kaa, hilo la shemeji yake mpishi." Wakala wageni, wakala watoto, wakala waosha vyombo. Mimi nimesimama mlangoni namtazama, na sikufichi, moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Nilitaka ajue benchi lilivyo gumu.

Sufuria lilipokwanguliwa ukoko, akaacha kucheka. Akaja mpaka nilipo, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nimekosa. Naomba radhi ya familia."

Mjomba akadakia, unamjua alivyo. "Yaishe, mwanangu. Tumesamehe."

"Umesamehe wewe, mjomba," nikasema. "Kwani aliyelala kwenye benchi ni wewe?"

Nikaingia jikoni, nikatoka na kipande cha muhogo wa kuchemsha, muhogo wa shamba lako, mkavu, bila hata chai. Nikamwekea mkononi.

"Kula," nikamwambia. "Hutakufa."

Akaula wote, mbele za watu, huku analia.

Wazee wanasema nimezidi. Wacha waseme. Gari lile sasa Kisarawe wanaliita Goti. Likipita barabarani watoto wote wanaanza kuchechemea, na Salumu ananiambia dereva siku hizi hawashi gari mpaka aonyeshwe mgonjwa kwa macho yake. Hilo halikutoka ofisini, mama. Limetoka kwa Nyamizi na miwani yake.

Lakini wewe hujarudi. Khanga zako mbili ziko hapa dukani, sijamgawia mtu. King'ora kikilia barabara kuu naacha mteja amesimama, natoka nje kuangalia. Najua si wewe, na bado natoka.

Sasa nina ombi moja. Wanasema huko aliyedhulumiwa ataulizwa kama anasamehe. Nakujua, mama, wewe mwepesi wa kusamehe, utajibu hata swali halijaisha. Safari hii nakuomba usiwe na haraka. Tengeneza khanga yako vizuri, itikia salamu za watu, uliza kama wamekula. Wewe ulisubiri gari. Yeye asubiri jibu lako.

Lala salama, mama.

Mwanao, uliyempa yai.