Kasiksi ya Pangoni

Mujukuu wangu Furaha,

Miaka mbili hatukuoni! Kinshasa ilikumeza? Huku tuko wazima, mama yako amepona.

Unauliza kama nami nilitembeaka ufukoni na mapangoni. Ndiyo, wakati wa Zaïre. Niliongoza marafiki wa mutaa wa Nguba, tukatazama ziwa toka kilimani, kisha nikawaingiza mu pango ambamo papa, baba yangu, alificha kasiksi, pombe ya ndizi ya kupokea wakwe wa dada yangu Nsimire. Nikajigamba: “Kunyweni, ni yetu!” Tukamaliza mutungi.

Wakwe wakafika, hakuna cha kuwamiminia. Wakaondoka wamekunja uso. Papa akazania ni Nsimire aliikunywa, akamufokea: “Muroho weye!” Mimi nikamuacha abebe kosa langu mupaka leo. Hata kwa huyu jirani anayeniandikia barua hii, ninasikia haya.

Ukikuja, usivue viatu, tutoke palepale. Nipeleke mutaa wa Kasha, kwa Nsimire, na usikubali nirudi kabla sijamuambia ni mimi nilimaliza ile kasiksi.