Jua Ilimeza Mbuzi Zetu

Masika wangu wa Butembo, jambo toka Beni. Joto ya huku inanikaanga, lakini niko muzima na vita hakuna. Usilie.

Juzi saa sita ya mchana, ku phonie, ile redio ya kusemea mbali, ulisema: "Papa anauliza mbuzi za mahari zitafika lini. À toi, sema sasa." Nikakamata micro, nikajibu kwa nguvu. Kumbe phonie ilishakufa, vuuuu, haisikie mutu. Batu bakasema Butembo imeshambuliwa. Bamama bakaanza kufunga mizigo, na mimi nikavua viatu vya kanisa nipate kukimbia.

Mwalimu wa fizike, mutu wa Kasai mwenye tunapanga naye nyumba, akasimama mu njia: "Hapana kukimbia. Jua imelipuka. Rayon X, mwangaza yake ya kujificha, imefika kule juu ya hewa, njo inameza sauti ya phonie. Mungojee." Tukamucheka. Kisha nusu saa, sauti ya Butembo ikarudi, lakini weye ulishaenda. Mangaribi redio ya Ulaya ikasema darubini yenye kuzunguka kule angani iliona jua ikilipuka ile saa sita, kwa rayon X na gamma, zenye macho yetu hapana kuona. Tangu pale mwalimu anatembea kama vile ni yeye aliiwasha.

Kaa muzuri, usalimie Papa. Umuambie mbuzi zitafika Noeli, na nitazileta mimi mwenyewe, sababu nakupenda. Njo vile nilijibu ile saa: batu bote benye balikuwa hapa ku phonie balisikia, bakapiga makofi. Mulekera nzima, mtaa wetu wa huku Beni, inajua. Ni weye tu ulikuwa haujajua.

Wako, Paluku