Rukiya Hana Sura

Dada Khairunisa,

Lakhma amekufa. Yule Mhindi wa kitanda cha juu, akikusalimia kwa simu, dada, dada, halafu maneno yanamwishia. Kaanguka kazini, moyo, hakuamka. Maiti ishapelekwa kwao.

Kifua chako vipi? Taib na wanawe wazima? Mimi mzima, nakula. Barua nampa Fawaz, anakuja huko. Haya kwa simu siyawezi.

Chumbani nimebaki na Siraje, Mganda. Yeye zamu ya usiku, tunapishana mlangoni.

Rukiya alipokufa mkamzika mimi niko huku, Lakhma hakunipa pole. Alisaga mchele, akautia maji, akachukua mswaki wangu mpya wa mti akautafuna ncha. Kwao Wawarli huchora hivyo ukutani, kwa kijiti cha mwanzi. Kifua pembetatu, kiuno pembetatu, kichwa kitone. Siraje akamcheka, eti mwanamume mzima anapika uji wa ukuta. Lakhma akasema kweli, picha za harusi kwao ni za wanawake, yeye alikuwa akimshikia mamake bakuli.

Akaniuliza mke wangu alitembeaje. Nikamwambia akichechemea, na ndoo kichwani haishiki. Akamchora kando ya kitanda changu, kwenye duara la wacheza ngoma. Nikagomba. Hapa naswali, picha ya kiumbe siitaki. Akasema tazama, sura hana. Kweli hana. Lakini mguu ni ule ule. Nikaiacha. Kila nikitoka kazini namkuta.

Sasa formeni kasema mtu mpya anakuja, ukuta ule wa buluu upakwe mweupe, na fundi rangi si ni wewe, yalla, haraka. Leo kaniacha kambini kwa hiyo kazi. Lakhma alikuwa akisema kwao ukuta hukandikwa upya ukachorwa tena, picha haiwekwi. Basi nikapitisha rola. Rukiya khalas.

Dada, usinigombeze. Rangi ilipokauka nimesaga mchele. Nimetafuna mswaki. Nimemchora Rukiya pale pale, na Lakhma pembeni na bakuli lake. Lakhma katoka kichwa kikubwa. Mguu wa Rukiya nimeupata. Nyeupe juu ya nyeupe, haonekani mtu. Ukipitisha kidole ndiyo unawasikia.

Siraje hajui. Wewe tu.

Wasalimie wote. Kaburini kwa Rukiya nipalilie.

Kesho narudi kazini.

Nduguyo,
Adib