Bangili ya Waya

Machimboni Geita, 12 Januari 1938

Mama Bujiku, mke wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na mvua huku haikatiki. Yule ndama ameacha kunyonya?

Tafadhali, ile bangili ivue leo, uifukie mbali na nyumba. Ule waya niliutoa kwenye mpira wa upepo unaoendesha mashine ya kutobolea mwamba. Vichwa vya mpira huunganishwa kwa kuzungushwa kidogo tu, kisha hufungwa waya visifunguke. Niliona vimekaza vyenyewe, nikakusokotea bangili. Jumatatu vikaachana. Mpira uliruka kama nyoka, ukamvunja taya kaka yako Pantaleo.

Msimamizi anamsaka aliyetoa waya. Pantaleo hawezi kusema, nami nikashukuru, Mungu anisamehe. Lakini bangili hiyo si yeye aliyekuletea Noeli?

Leo nimempelekea uji wodini, akaukataa. Alinishika mkono, akauzungushia vidole vyake pale panapovaliwa bangili, akakaza. Hakuniachia mpaka mganga alipoingia.

Mumeo,
Ngasa